Aletaye Mashine Alete na Pampu Yake

Ombi langu ni kwa wafanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo, na nalitoa kwa heshima, maana mji huu ni kazi ya mikono yao. Barabara za Zaire zilipooza na benki zikabaki majengo, wao waliendelea kununua kahawa na papaini vijijini, wakapanda ndege kwenda Dubai, Jakarta na Guangzhou, wakarudisha mali kwa njia ya Mombasa, Kampala na Kasese mpaka forodha ya Kasindi. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima kuwahusu mwaka 2014. Watu wenye uwezo huo hawashindwi na jambo ninaloliomba: kila kontena la mashine za kufulia liingie Butembo na Beni pamoja na vipuri vyake.

Tazama walivyofanya kwa pikipiki. Pikipiki ya Kihindi au ya Kichina haikuingia mjini peke yake. Ilifuatwa na cheni, sahani za klachi, plagi, taa, matairi na beringi, na leo hata kwenye vituo vya njiani kati ya Butembo na Beni, kama Maboya au Kalunguta, utakuta kibanda chenye vipuri vilivyoning'inizwa kwa waya na kijana mwenye mikono ya oili anayejua kuvifunga. Pikipiki ikifa asubuhi, mchana iko barabarani. Hakuna sheria iliyolazimisha hayo. Mfanyabiashara aliona mwenyewe kwamba mtu akikosa cheni ya pikipiki ya kwanza hatanunua ya pili.

Mashine ya kufulia haikutendewa hivyo. Inashushwa kwenye lori ikiwa mpya kabisa, inauzwa na karatasi ya garanti isiyo na anwani ya karibu, na siku pampu ikiungua mwenye nyumba anaambiwa amsubiri mtu anayekwenda Kampala. Anasubiri. Miezi inapita, mashine inafunikwa kitambaa na kuwekewa sahani juu. Nadhani sababu moja ni nani anayeumia. Pikipiki ikilala, anayekosa fedha ya siku mara nyingi ni mwanaume, na malalamiko yake yanafika dukani jioni hiyohiyo. Mashine ya kufulia ikilala, mama na mabinti wanarudi kwenye beseni, na hakuna anayempigia muuzaji simu.

Wapo wanaosema mashine hii ni anasa katika eneo lenye vita. Waende kwanza wakafue blanketi moja. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na kila kitanda kina blanketi nzito. Bido ya lita 20 ni kilo 20 mgongoni kutoka chemchemi, kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso, na blanketi mbili na nguo za shule za watoto wanne zinakula bido tano au sita kabla maji ya kusuuza hayajawa meupe. Anayezibeba ni msichana ambaye daftari lake linamsubiri. Beni kuna nguo za shamba la kakao zenye utomvu na udongo, na kuna jambo zito zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamezunguka mji huo, na kijito cha pembezoni ambacho zamani kilikuwa mahali pa kufulia na kuongea kimekuwa mahali pa kufikiria mara mbili. Mama wa mtaa wa Boikene mwenye mashine inayofanya kazi uani kwake hapunguzi uchovu tu, anapunguza na safari za kwenda huko.

Daktari Hans Rosling wa Sweden, aliyewahi kuchunguza ugonjwa wa konzo hapa kwetu Kongo, alisimama jukwaani mwaka 2010 akiwa na mashine ya kufulia, akakadiria kwamba kati ya watu bilioni 7 wa dunia ni kama bilioni 2 tu walioishi kwenye nyumba zenye mashine hiyo. Alieleza jinsi mama yake, baada ya kuipata, alivyoanza kuwa na muda wa kumpeleka maktaba. Namwamini kwa kila neno. Lakini alikuwa akizungumzia nchi ambayo maji na umeme haviulizwi, na fundi yuko mtaa wa pili. Kwetu maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mashine itamaliza mwaka.

Tuanze na maji, maana mashine nyingi zinazohesabiwa kuwa mbovu ni nzima, ila zina kiu. Mashine ya mlango wa mbele imetengenezwa kwa nyumba yenye bomba la msukumo. Valvu yake ya kuingizia maji ina utando mdogo wa raba, na utando huo haufunguki kwa umeme peke yake. Unataka maji yausukume, kwa kawaida kuanzia bari 0.3, na vitabu vingi vya mashine huandika 0.5. Bari 1 ni maji yaliyosimama juu kwa mita 10. Kwa hiyo tanki lililowekwa juu ya choo cha nje, mita 2 kutoka kwenye valvu, linatoa bari 0.2 tu. Mashine inanguruma kidogo, inangoja, inachoka, kisha inaandika IE kama ni LG, au 4E kama ni Samsung. Mwenye nyumba anazisoma herufi hizo kama hukumu. Fundi asiye na subira anamtajia bei ya bodi mpya ya elektroniki. Kumbe kilichotakiwa ni tanki kupandishwa.

Na kupandisha tanki Butembo si kazi ya mnara wa chuma. Mji wote ni vilima. Kiwanja cha Vulamba au Mususa kimeinama chenyewe: weka tanki kwenye ukingo wa juu, mita 5 au 6 juu ya mashine, shusha mpira wa robo tatu ya inchi usio na vifundo, na bari 0.5 umeipata bila kulipa umeme wowote. Ambaye kiwanja chake ni tambarare, huko Beni au kwingine, atahitaji pampu ndogo ya kuongeza msukumo, au valvu ya maji ya tanki, ile inayofunguka hata maji yakiwa na msukumo hafifu. Valvu hiyo inatengenezwa, haina ugumu, na umbo lake halitofautiani sana na ile ya kawaida. Kinachohitajika ni mtu wa kuiandika kwenye oda wakati anaagiza.

Kabla ya yote hayo fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio cha plastiki chenye ukubwa wa kifundo cha kidole. Kivute kwa koleo. Katika majira ya mvua utakikuta kimevaa udongo mwekundu laini, mzito kama uji, na maji yanapita kwenye vitundu vitatu vinne tu. Mswaki wa zamani unatosha kukisafisha. Asiyetaka kurudia kazi hiyo kila wiki aweke kichujio kingine kwenye mdomo wa tanki.

Wapo wanaomimina maji kwa ndoo kwenye droo ya sabuni, na wanaambiwa wanaharibu. Hawaharibu. Mashine haipimi maji yaliyopita kwenye bomba, inapima yaliyomo ndani. Chini ya pipa kuna chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa na kihisio kwa mrija mwembamba wa raba. Maji yakipanda, yanaibana hewa, kihisio kinasikia, na pipa linaanza kuzunguka. Haijali maji yametoka wapi. Sharti ni moja: mashine nyingi huanza kwa kutoa maji yaliyobaki, basi ngoja pampu inyamaze ndipo umimine, na umimine haraka kabla haijakata tamaa. Mrija huohuo ukizibwa na utando wa sabuni, mashine itadhani haina maji wakati yamejaa, au itadhani imejaa wakati ni kavu. Uchomoe, upulize kwa mdomo, uurudishe. Nimeona mashine iliyokaa miezi kadhaa bila kazi ikifufuka kwa pumzi hiyo moja.

Umeme ni habari ndefu zaidi, na nitaigusa tu. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, maji ya mto Butahu yamekuwa yakitoa umeme tangu mwaka 2013, na mwenye waya huo anafua kwa amani. Mjini wengi wetu tunachanganya waya wa kampuni, jenereta na sola. Jambo la kujua ni kwamba kinachokula umeme si kuzunguka, ni kupasha maji moto. Hita inavuta karibu wati 2,000, mota ikizunguka peke yake ni mia chache. Chagua programu ya maji baridi na jenereta ndogo au inveta nzuri ya sola itaweza. Inveta isiwe ile ya bei ya chini inayotoa umeme wa ngazi ngazi, maana mota hupata joto na bodi huungua. Na tafadhali, waya wa ardhini. Mashine isiyo na waya wa ardhini inaweza kukuchoma vidole hata ikiwa nzima, kwa sababu kichujio chake cha umeme huvujisha kidogo kwenye bati, na siku hita au waya ukipasuka ndani hakutakuwa na kitu cha kumlinda aliyesimama peku kwenye saruji yenye maji. Nondo ya shaba ya mita moja na nusu, ikipigiliwa mahali penye unyevu na kuungwa vizuri, ndiyo ya kulipia kwanza kabla ya mashine yenyewe.

Sasa piga goti mbele ya mashine. Chini kulia, nyuma ya kifuniko kidogo, kuna kichujio cha pampu. Weka sahani, kizungushe polepole, acha maji yatoke. Utakachokikuta ni habari ya nyumba nzima: kifungo cha shati la shule, msumari, maharage mawili yaliyoota, waya wa sidiria, pini ya nywele. Fedha yetu ya Kongo ni noti tupu, hivyo sarafu ikitoka hapo ni shilingi ya Uganda iliyovuka Kasindi mfukoni mwa mtu. Sarafu hiyo ndiyo adui mkubwa wa pampu. Inakwama kwenye mabawa, pampu inavuma bila kuzunguka, inapata joto, na baada ya mara kadhaa koili yake inakatika. Kagua mifuko kabla ya kufua, safisha kichujio kila mwezi, na pampu itadumu miaka.

Sabuni nayo ina hesabu yake. Tunatoka katika nchi ya mawese, na Mutwanga kuna kiwanda cha SICOVIR kinachotengeneza sabuni ya kipande kutokana na mafuta hayo. Ni sabuni njema kwa beseni. Ikikunwa na kutiwa kwenye mashine ya mlango wa mbele, hufanya utando mzito kwenye mirija niliyoitaja, na unga wa kufulia kwa mikono hujaza pipa povu. Povu likijaa pampu inakamata hewa, maji hayatoki, mashine inakataa kukamua, na tena fundi anaitwa. Kijiko kimoja au viwili vya unga vinatosha. Mzoea beseni hupenda kuona povu, lakini ndani ya mashine nguo husafishwa kwa kuinuliwa na kuangushwa.

Na dawa ya klorini. Janga la Ebola, lililotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, liliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, wengi wao katika maeneo yetu haya ya Beni, Mabalako, Katwa na Butembo. Liliacha klorini katika nyumba nyingi na mazoea mema ya kuitumia. Mikono na sakafu zinaitaka. Mashine inaivumilia kidogo tu: pipa la ndani la chuma limeshikiliwa nyuma na mkono wa alumini wenye ncha tatu, na klorini kali inayolala humo usiku kucha huula mkono huo taratibu mpaka uvunjike siku ya kukamua. Ukitumia klorini, suuza mara moja zaidi, kisha acha mlango wazi ukauke.

Mengi ya hayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila kununua kipuri. Lakini hufika siku kitu kinaisha kwa sababu kimetumika, na hapo ndipo nawarudia wafanyabiashara.

Mota nyingi za mashine za bei nafuu zina makaa mawili, vipande vidogo vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Mafundi wetu huyaita sharbo. Yanalika, kama ilivyokusudiwa. Yakibaki chini ya sentimita moja hivi, mashine inajaza maji, inatoa maji, taa zote zinawaka, ila pipa limesimama. Mazungumzo yanayofuata nimeyasikia zaidi ya mara moja:

"Papa fundi, inalia kidogo halafu inanyamaza."

"Mama, ilianza lini? Ilikuwa inanuka moshi?"

"Moshi hapana. Ilikuwa inasimama, naipiga kofi, inaendelea."

Kofi hilo linamwambia fundi kila kitu: makaa yameisha, yakitikiswa yanagusa tena. Ni kazi ya robo saa. Lakini fundi hana makaa. Anakwenda kununua ya grinda ya kukatia chuma, anayasugua kwa msasa mpaka yaingie kwenye nyumba yake, na mashine inazunguka. Nampongeza kwa akili hiyo. Lakini makaa ya grinda hayakutengenezwa kwa mota hii. Yakiwa magumu mno yanaikwangua shaba, na mota yenyewe inaharibika. Tunapoteza mota ya kilo kadhaa kwa kukosa makaa mawili yanayoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Beringi ni mfano mwingine, na ndio unaonikera kuliko yote. Mashine ikinguruma kama ndege inayoruka wakati wa kukamua, fungua mlango, shika ukingo wa pipa, liinue na kulishusha. Likicheza, beringi zimekwisha. Pembeni mwa beringi kuna namba: 6204, 6205, 6206. Namba hizo ni za dunia nzima. 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52, unene milimita 15, iwe imetoka Ujerumani, China au Japani. Basi beringi zinaweza kupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya pikipiki na jenereta hapahapa Butembo, ukichagua zenye kifuniko cha raba pande zote mbili. Ila mbele ya beringi kuna sili, pete ya raba inayozuia maji ya sabuni yasiifikie grisi. Sili hiyo haina namba ya dunia nzima, ni ya mashine hiyo au jamaa zake wa karibu, na pikipiki haiitumii. Kwa kuikosa, fundi anarudisha sili iliyochakaa, maji yanapita, na beringi mpya inakufa kabla ya mwaka. Pete yenye uzito wa gramu chache inamfanya fundi mwaminifu aonekane mwongo.

Mnunuzi naye aulize swali moja dukani: pipa la nje limefungwa kwa skrubu, au nusu zake mbili zimeunganishwa kwa joto? La skrubu linafunguka. Lililounganishwa halifunguki bila msumeno, na ingawa wapo mafundi hodari wanaolikata na kulifunga upya kwa bolti na silikoni, ni kazi ya kubahatisha. Muuzaji asiyejua jibu aulize aliyemuuzia.

Nikiulizwa inunuliwe mashine gani kwa nyumba ya kawaida ya Kimemi, Butembo, au Bungulu, Beni, nasema bila kusita: mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Majirani wengine huiona ya kizamani kwa sababu haina kioo cha mbele wala taa za rangi. Mimi naiona imeundwa kwa maisha yetu. Unaijaza kwa ndoo, haidai msukumo wowote. Umeme ukikatika katikati, unafungua kifuniko na kutoa nguo zako, wakati ya mlango wa mbele inazifunga ndani. Haina hita, na kila mota inataka wati mia chache tu. Inakunywa maji mengi kuliko ndugu yake, hilo nakubali: ya mlango wa mbele humaliza mzunguko mzima kwa lita 50 hivi, na hii inaweza kumaliza hizo kwenye ujazo mmoja. Lakini mama zetu wanajua la kufanya, kwa sababu ndivyo walivyofua siku zote. Maji yaleyale ya sabuni yanafua nyeupe kwanza, kisha za rangi, mwisho suruali za shamba. Mashine ya kisasa inayatupa yakiwa bado yana kazi.

Zaidi ya yote, inatengenezeka. Mota ikivuma bila kuzunguka, izime, chomoa waya, zungusha puli ya chini kwa mkono ili ujue haijakwama. Kama ni laini, iwashe tena huku umesukuma mkanda kidogo kwa kijiti cha mbao. Ikiondoka, mota ni nzima na kapasita imekufa. Upande wa kufulia huwa na kapasita ya mikrofaradi 10 au 12, upande wa kukamulia 4 au 5, na thamani imeandikwa juu yake. Fundi aikutanishe miguu ya kapasita ya zamani kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuigusa, kwani inaweza kuwa bado imehifadhi umeme. Baada ya kapasita hubaki mkanda, taima ya kuzungusha kwa mkono, breki ya pipa la kukamulia na sili ya mhimili wake. Mashine nzima ni hiyo. Na kwa kuwa nyingi kati ya mashine hizi hutoka kwenye viwanda vya maeneo machache ya China, kama Cixi karibu na Ningbo, zikabandikwa majina tofauti, taima ya jina hili mara nyingi hukaa kwenye mashine ya jina lile. Mfanyabiashara anayekwenda huko analijua hilo kuliko mimi.

Ulaya wamelitatua kwa sheria. Tangu Machi 1, 2021, mtengenezaji anayeuza mashine za kufulia katika Umoja wa Ulaya analazimika kuwa na vipuri kwa angalau miaka 10 baada ya kuuza mashine ya mwisho ya aina hiyo, na kuvifikisha ndani ya siku 15 za kazi. Makaa ya mota yametajwa humo kwa jina lake, pamoja na pampu, beringi, sili na raba ya mlango. Ufaransa, Januari ya mwaka huohuo, ilianza kutaka mashine za mlango wa mbele zibandikwe alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuzitengeneza. Mashine zinazofika kwetu zina sili na makaa yaleyale, zimetoka mara nyingi kwenye viwanda vilevile, ila haki hiyo imeishia bandarini.

Siiombi Kinshasa itunge sheria kama hiyo kesho. Naomba mambo mawili madogo kwa serikali: forodha ya Kasindi isikikadirie kipuri kana kwamba ni bidhaa ya anasa, na shule za ufundi zinazofundisha umeme Butembo na Beni zipewe mashine zilizokufa ili wanafunzi wazifungue. Mwanafunzi anayechora saketi ubaoni kwa miaka na hajawahi kushika kapasita iliyovimba, tumemnyima somo. Mengine yako mikononi mwa wafanyabiashara.

Najua watanijibu kuhusu mtaji. Sili 40 zinaweza kukaa kabatini mwaka mzima, na fedha iliyolala ni hasara. Hoja hiyo ni ya kweli kwa anayeleta leo jina hili na kesho jina lile kwa kufuata bei. Dawa yake ni kuchagua mashine za aina mbili na kukaa nazo miaka mitano. Ndivyo pikipiki zilivyoshinda: mji ulizoea aina chache, na kila kipuri kikapata mnunuzi. Wengine watasema mafundi wanaweza kuchuna vipuri kwenye mashine zilizokufa. Wanafanya hivyo, na waendelee. Lakini kinachokufa kwanza kwenye kila mashine ni kilekile, makaa, sili, kapasita, na katika maiti ya mashine hicho ndicho kitu utakachokikuta kimekwisha.

Kuna sababu ya kufanya hivi sasa. Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Goma ikafuata Januari 2025, na njia ya kusini si ya kumtuma mtu kutafuta pampu. Kila kitu kinategemea Kasindi, kilomita 80 kufika Beni, na nyingine 54 mpaka Butembo. Katika hali hiyo kipuri kilicho dukani kina thamani kuliko ahadi ya msafiri.

Kwa mashine 100 za mapipa mawili mimi ningeandika hivi kwenye oda: kapasita 30 za upande wa kufulia na 30 za upande wa kukamulia, mikanda 30, sili za mhimili 40, taima 15, kamba za breki 20, mipira ya kutolea maji 10. Kwa mashine 20 za mlango wa mbele: pampu 5, jozi 10 za makaa, sili 10, raba za mlango 4, na valvu zote 20 ziwe za maji ya tanki. Vyote vinaingia katika nafasi ya sanduku la mashine moja au mbili. Wapatikane wauzaji wawili wa rejareja, mmoja karibu na soko kuu la Butembo na mwingine Kilokwa, Beni, na kila mashine inayouzwa iandikwe namba zao za simu mgongoni kwa wino usiofutika.